Bustani ya Mvua Haizuii Mafuriko

Ifikapo Oktoba na Novemba, mvua zinaporejea Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, samaki aitwaye koho huacha bahari na kupanda vijito ili akatage mayai. Ni jamii ya samoni. Miaka ya 1990 jiji lilitumia fedha nyingi kuvirudishia uhai vijito vilivyopita katikati ya makazi: vizuizi viliondolewa, mawe yakapangwa, miti ikapandwa kingoni. Samaki wakarudi. Kisha wakaanza kufa.

Watafiti waliokuwa wakikagua kijito cha Longfellow na vingine vya mjini waliokota majike wenye matumbo yaliyojaa mayai ambayo hayajatagwa. Samaki hao, kabla ya kufa, walionekana wakizunguka ovyo juu ya maji, midomo wazi, mapezi yametanuka, kama hawajui waelekee wapi. Kati ya 2002 na 2009, katika baadhi ya vijito hivyo walikufa asilimia 60 hadi 100 ya majike waliorudi. Walioingia vijito vya msituni hawakupatwa na balaa hilo. Maji yalipimwa joto, hewa, dawa za wadudu, magonjwa, na hakuna kilichotosha kueleza vifo. Jambo moja tu lilijirudia: vifo vilikuja na mvua, na palipokuwa na barabara nyingi ndipo mizoga ilipokuwa mingi.

Nimeanza na samaki kwa makusudi. Kwetu bustani ya mvua huletwa mezani kama dawa ya mafuriko. Mtaalamu anaonyesha picha nzuri za Singapore au Portland, wakubwa wanatikisa vichwa, na mwaka unaofuata mvua kubwa inapofurika watu wanasema tumedanganywa. Wamedanganywa kweli, ila si na bustani. Kazi ambayo bustani ya mvua inaiweza hasa ni kuosha maji machafu ya barabarani. Mafuriko ni kesi nyingine.

Turudi Seattle. Watafiti wa kituo cha Puyallup cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington na wenzao wa serikali kuu walikinga maji yanayomwagika kutoka barabara kuu ya SR 520. Sehemu moja waliyaweka moja kwa moja kwenye matangi ya samaki. Sehemu nyingine waliyapitisha kwanza katika mapipa yaliyoiga bustani ya mvua, yaliyojazwa mchanga asilimia 60 na mboji asilimia 40, changarawe chini, maganda ya miti juu. Koho waliotiwa katika maji yasiyochujwa walikufa wote, wengine ndani ya saa chache. Waliotiwa katika maji yaliyopita kwenye mapipa waliishi wote. Matokeo hayo yalichapishwa kati ya 2015 na 2016, na wakati huo hakuna aliyejua sumu yenyewe ni nini. Kilichoiondoa kilikuwa udongo wa kuchanganywa kwa beleshi.

Sumu ilipata jina Desemba 2020. Matairi ya magari hutiwa kemikali iitwayo 6PPD, ambayo kazi yake ni kuukinga mpira usipasuke kwa kuliwa na gesi ya ozoni. Inapokutana na ozoni, kemikali hiyo hugeuka kuwa kitu kingine, 6PPD-kwinoni, na hicho ndicho kinachoua koho. Kipimo kilichosahihishwa mwaka 2022 kinaonyesha kwamba chini ya sehemu moja ya kumi ya maikrogramu katika lita moja inatosha kuua nusu ya koho wachanga. Ajabu ni kwamba samoni wa aina nyingine, anayeitwa chamu, haumwi hata kidogo kwa maji yale yale. Kwa hiyo hadithi hii haiwezi kubebwa nzima nzima hadi mto Msimbazi wa Dar es Salaam. Kinachobebeka ni ushahidi kwamba maji ya lami ni machafu kwa namna ambayo jicho halioni, na kwamba tabaka la udongo lisilofika mita moja linaweza kuyatengeneza.

Bustani yenyewe ikoje? Tazama vitanda vya maua vilivyo katikati ya kipilefti chochote cha Dar es Salaam. Vimeinuliwa kama tuta, vimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mvua ikinyesha udongo wake unashuka barabarani. Bustani ya mvua ni kinyume chake kabisa. Imezamishwa chini ya usawa wa barabara, na jiwe la ukingo limekatwa pengo ili maji yaingie yenyewe. Maji yanatuama juu kwa kina cha sentimita 15 hadi 30, kisha yanazama katika udongo maalumu wenye kina cha nusu mita au zaidi. Chini ya hapo kuna changarawe, na mahali ambapo ardhi haipitishi maji hulazwa bomba lenye matundu linalopeleka maji yaliyochujwa kwenye mtaro. Maji yakizidi, kuna mdomo wa juu wa kuyatolea. Majani na vichaka si pambo tu, mizizi yake ndiyo inayouzuia udongo usigande.

Wengi wanadhani udongo huo unafanya kazi kama kifumbu cha kuchujia tui: machicha yabaki, maji yapite. Ni kweli kwa tope na chembe za matairi, ambazo hunaswa juu kabisa. Lakini shaba na zinki zilizoyeyuka haziwezi kuchujwa hivyo. Hizo hukamatwa kwa sababu chembe za mboji na mfinyanzi zina chaji ya umeme inayozivuta na kuzishika. Allen Davis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walipima wakakuta zaidi ya asilimia 90 ya shaba, risasi na zinki inabaki, tena sehemu kubwa katika sentimita chache za juu. Mafuta ya gari hunatishwa na maganda ya miti, kisha bakteria huyala siku za ukavu. Naitrojeni ndiyo msumbufu. Ikiwa katika umbo la naitreti inapita udongoni bila kugusa chochote, na watafiti wa Melbourne, Australia, walilazimika kuweka tabaka la chini linalobaki limejaa maji, halina hewa, lina vipande vya mbao, ili bakteria wa humo waivunje naitreti kuwa gesi. Waligundua pia kwamba mmea haufai kuchaguliwa kwa uzuri wake: aina moja ya ndago wa kwao, Carex appressa, ilifanya vizuri sana kuliko mimea mingine mingi iliyojaribiwa. Chumvi, kwa upande wake, haishikwi na chochote. Inayoingia juu inatoka chini.

Wazo lote hili lilizaliwa jimboni Maryland, katika wilaya ya Prince George's, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Somerset, mtaa wa nyumba mpya, ulijengwa kila kiwanja kikiwa na bustani yake ya mvua badala ya bwawa moja kubwa la kukusanyia maji, na mwongozo wa kwanza wa usanifu ulitolewa 1993. Kutoka hapo likasambaa, Portland, Philadelphia, Melbourne, Singapore. Sitapita miji yote. Seattle inatosha, kwa kuwa jiji hilo lina mafanikio makubwa na aibu kubwa, na vyote viwili viko ndani ya miaka kumi.

Mafanikio ni mtaa wa 2nd Avenue NW, uliokamilika 2001. Kaskazini mwa Seattle mitaa mingi haikuwa na njia za miguu wala mifereji ya kueleweka. Badala ya kulaza mabomba, wahandisi waliipunguza lami kutoka upana wa mita 7.6 hadi 4.3, wakaipinda barabara kama nyoka, na nafasi iliyopatikana wakaichimba mabonde yaliyopandwa miti zaidi ya 100 na vichaka zaidi ya 1,000. Vipimo vya miaka iliyofuata vilionyesha kwamba maji yanayotoka mtaani humo kwenda kijitoni yamepungua kwa takriban asilimia 98. Magari yalipunguza mwendo, wakazi wakafurahi, wageni wakaanza kumiminika kuja kutazama.

Aibu ilifuata 2010, katika mtaa wa Ballard. Fedha za serikali kuu za kuinua uchumi baada ya mtikisiko wa 2008 zilikuwa na masharti ya kutumika haraka, na bustani zikachimbwa kando ya barabara haraka vilevile. Majira ya mvua yalipofika, baadhi zilijaa maji na kubaki hivyo. Wakazi wakajikuta na madimbwi mbele ya milango yao, wakihofia watoto na mbu. Ardhi ya Seattle ina sehemu zilizogandamizwa na barafu za kale hadi kuwa ngumu karibu na zege, na upimaji wa upitishaji maji haukuwa wa kutosha. Baadhi ya bustani zilifukiwa, nyingine zikafumuliwa na kuwekewa bomba chini. Mhandisi mmoja mwenye kipimo cha shimo na ndoo ya maji angeokoa fedha hizo zote: unachimba, unajaza maji, unatazama saa. Kama maji hayashuki, hujachelewa kubadili mchoro. Lakini bajeti ya haraka haina saa ya kutazamia maji yakishuka, na hilo si la Wamarekani peke yao.

Kuna kosa la pili, la kimyakimya zaidi. Ile mboji ya asilimia 40 iliyowaokoa samaki ilikuwa yenyewe ikitoa fosforasi, naitreti na hata shaba, hasa bustani ikiwa mpya. Bustani iliyojengwa karibu na ziwa ingeweza kulilisha mwani badala ya kulilinda. Idara ya Ekolojia ya jimbo la Washington ikaidhinisha mchanganyiko mwingine kwa maeneo ya namna hiyo: mchanga asilimia 70, makumbi ya nazi 20, na makaa ya mimea yaliyochomwa kwa hewa kidogo 10.

Hapo msomaji wa pwani atainua nyusi. Makumbi yanasafirishwa kuvuka bahari kwenda kuchuja maji ya Seattle, na sisi tunayachoma au tunayarundika nyuma ya soko. Kwenye vitalu vya miche unga wa makumbi unauzwa kwa jina la kokopiti, na chenga za mkaa zinabaki chini ya kila gunia. Angalizo moja ni la lazima: makumbi yaliyolowekwa baharini, kama wanavyofanya akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja wanaosokota kamba, yamejaa chumvi na lazima yaoshwe kwa maji baridi kwanza. Na chenga za mkaa wa kawaida si sawa na makaa yaliyotengenezwa kwa kazi hii, lazima zipimwe kabla hazijaaminiwa. Lakini viungo vyenyewe si vya kuagiza kutoka nje.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayotenganisha uchafu na mafuriko. Chukua barabara ya lami yenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 100, yaani mita za mraba 1,000. Weka kando yake bustani za mvua zenye eneo la asilimia tano, mita za mraba 50, zinazoweza kutuamisha maji ya kina cha sentimita 15. Hizo zinabeba lita 7,500 juu ya udongo. Udongo ukipitisha sentimita 10 kwa saa, unaongeza lita 5,000 kila saa. Mvua ya milimita 10 kwa saa inaleta lita 10,000. Bustani inaimeza yote, na nafasi inabaki. Mvua ya milimita 50 kwa saa inaleta lita 50,000, na bustani inachukua robo tu. Nyingine zinapita juu kama hakuna kilichojengwa.

Seattle hupata karibu milimita 950 kwa mwaka, Dar es Salaam kiasi cha 1,100. Ukitazama jumla, ni miji inayolingana. Tofauti iko katika namna mvua inavyoshuka. Seattle inanyunyiza siku nzima, kesho tena, keshokutwa tena, ndiyo maana sheria za jimbo zinaweza kumtaka mjenzi asafishe asilimia 91 ya maji yote ya mwaka. Masika ya Dar yanamwaga kwa saa mbili kile ambacho Seattle inakitoa kwa wiki. Anayetaka kuona hesabu hiyo ikifika mwisho wake atazame Zhengzhou, China, jiji lililokuwa limewekeza katika mpango wa nchi hiyo wa miji inayofyonza maji kama sifongo. Tarehe 20 Julai 2021 zilinyesha milimita 201.9 katika saa moja, na watu walikufa ndani ya treni ya chini ya ardhi. Hakuna bustani iliyosanifiwa kwa mvua hiyo, na wala haikupaswa kulaumiwa.

Lakini geuza hesabu upande wa uchafu. Kuanzia Juni hadi Septemba Dar haipati mvua ya maana. Miezi hiyo yote lami inakusanya vumbi la breki, unga wa matairi, matone ya oili ya daladala na bodaboda. Mvua ya kwanza ya vuli, hata ikiwa ndogo, ndiyo inayozoa mzigo huo. Milimita chache za mwanzo zina uchafu mwingi kuliko saa nzima inayofuata, na milimita chache ndizo hasa bustani inazoziweza. Mvua kubwa ikipita juu, inapita ikiwa imeshatanguliwa na maji machafu zaidi yaliyozama. Maji hayo yote sasa hivi yanateremka mitaroni hadi Msimbazi, yanapita pembeni mwa matuta ya mchicha, yanaingia mikokoni karibu na daraja la Selander, kisha baharini.

Je, inawezekana basi? Nasema ndiyo, ila si mahali pengi. Adui wa kwanza si mvua kali bali tope. Barabara ya lami ya Dar inalishwa na vichochoro vya udongo pande zote mbili, na kila mvua inashusha tope laini. Tope hilo likitanda juu ya bustani kwa unene wa sentimita mbili, maji hayazami tena, na mbu hawachelewi. Jiji limeshaona milipuko ya dengi 2014 na 2019, kwa hiyo dimbwi lililojengwa kwa fedha za umma halitasamehewa. Bustani inayofanya kazi hukauka ndani ya siku moja au mbili, na mbu anahitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka. Iliyoziba ni kitalu cha mbu.

Adui wa pili ni mtaro wenyewe. Mvua ikishika kasi, wapo wanaotapisha vyoo, wengine wanaelekeza mifuko ya taka mtaroni. Hakuna mchanganyiko wa mchanga na makumbi unaoweza kusafisha kinyesi kwa kiwango hicho, na mtu atakayeahidi hivyo anauza kitu. Ardhi nayo haifanani. Mchanga wa sehemu nyingi za Dar unapitisha maji vizuri, isipokuwa karibu na ufuko ambako maji ya ardhini yako juu. Udongo mweusi wa Nairobi unavimba ukilowa na kufunga, huko bila bomba la chini usijaribu. Mombasa shida ni kinyume: mwamba wa matumbawe unapitisha maji upesi mno hadi visimani, hivyo tabaka la kuchuja ndilo kinga pekee kati ya lami na ndoo ya mtu.

Ningeanza mahali ambapo uchafu ni mwingi, tope ni kidogo, na mwenye eneo anajulikana: maegesho ya maduka makubwa, vituo vya mafuta, stendi za mabasi zilizosakafiwa, barabara mpya ambazo vichochoro vyake vimewekwa lami. Kila pengo la kuingilia lingekuwa na kishimo cha zege cha kunasa mchanga, kikubwa cha kutosha beleshi kuingia. Mkataba ungekuwa na kifungu cha kukizoa kabla ya vuli na kabla ya masika, chenye bei yake, kilicholipwa kwa miaka mitano angalau. Mikataba mingi ya kupendezesha barabara humlipa mkandarasi kwa idadi ya miche aliyopanda. Atapanda, atapiga picha, ataondoka. TARURA, wakala wa barabara wa Tanzania, ilianzishwa 2017 kusimamia barabara za mijini na vijijini na mifereji yake, lakini hata taasisi yenye nia njema haizoi tope lisilo na fungu katika bajeti.

Limebaki swali ambalo vijitabu vya kupigia debe bustani hizi huliruka. Shaba, risasi na zinki zilizoshikwa juu hazipotei. Baada ya miaka kumi, ishirini, kutegemea wingi wa magari, tabaka hilo la juu lazima likwanguliwe na kuondolewa. Kwa Seattle ni suala la karatasi na gari la taka. Kwa Dar es Salaam udongo mweusi wenye mboji haukai bure kando ya barabara: atakuja mtu na toroli, na kwa haki kabisa, maana udongo mzuri wa bustani unauzwa. Ukifika kwenye matuta ya mchicha, tutakuwa tumeikusanya sumu ya barabara nzima na kuipeleka jikoni. Kwa hiyo mkataba useme tangu siku ya kwanza nani atalikwangua tabaka hilo, litapimwa wapi, na litafukiwa katika shimo gani, na gharama hiyo iwekwe pamoja na bei ya miche.